Shimo Nililolihubiri Segese

Minza mwanangu,

Nimekaa hapa barazani, na wewe uko ndani na mama yako mnabishana juu ya michembe, hivi viazi vitamu vya kukausha. Yeye anataka uondoke na nusu gunia, wewe unataka uondoke na kopo moja. Siingilii. Mambo ya chandarua, ndoo, kandambili za bafuni na kitambulisho cha bima mama yako ameyamaliza tangu juzi, na ninavyomjua, kesho stendi atayaanza upya. Mimi nimeshika kalamu kwa sababu ya swali lako la mezani.

Uliniuliza kama mtu anayeomba chumvi: "Baba, na nikienda nikashindwa?" Nami nikakujibu kwa mstari wa Biblia. Ukasema amina, ukainamia ugali wako, na hapo hapo nikajua nimekosea. Mchungaji akibanwa na mwanawe hukimbilia mstari kama kuku anavyokimbilia uvunguni. Swali lako lilitaka jibu la baba, na jibu hilo lisingeenea kati ya tonge moja na jingine.

Najua hapa Didia wakisikia habari ya barua hii watanicheka. Kolandoto, kwenye chuo cha Biblia unakokwenda, si ughaibuni. Unapanda gari asubuhi, na kabla jua halijakolea umeshafika. Wacheke. Najua pia swali limetoka wapi. Limetoka Ijumaa Kuu, siku uliposimama kusoma somo, ukatangaza mbele ya kanisa zima kwamba Petro aliwika, na jogoo akatoka nje akalia kwa majonzi. Tangu siku ile vijana wa kwaya wakikuona wanawika. Mama yako ameniambia kwamba mara mbili ulitaka kuniomba nikuandikie chuoni kwamba huendi tena. Hukuniomba, na mimi nilijifanya sijui. Sasa tuongee.

Ile ratiba ya muhula uliyonionyesha kwenye simu niliisoma yote, ingawa nilijifanya sioni vizuri. Mambo ni yale yale ya enzi zetu, isipokuwa yetu yalibandikwa ubaoni na mbuzi wa jirani akala wiki mbili za mwisho. Mtaanza na ibada ya kuwapokea wageni, ambapo kila mgeni husimama kutoa ushuhuda. Umeniambia huna ushuhuda, kwamba hujawahi kutenda dhambi yoyote ya maana. Mimi nimeishi na wewe, dhambi zako nazijua, lakini nakubali hazijazi dakika tano. Usiongeze chumvi. Mwaka wangu alikuwapo kijana aliyetuambia kwamba kabla ya kuokoka alikuwa anapaa na ungo, na kwamba wilaya nzima ilikuwa inamwogopa. Tulilia machozi. Ikaja siku ya familia, mama yake akafika na kuku, mmoja wetu akampa pole kwa yale aliyopitia na mwanawe. Yule mama akashangaa sana. Akasema huyu mtoto mpaka anamaliza shule alikuwa akitumwa dukani jioni anataka asindikizwe.

Ipo pia mechi ya walimu na wanafunzi. Walimu hufungwa kila mwaka, na kila mwaka hutoa maelezo. Golikipa wao enzi zetu alikuwa mwalimu wa Kigiriki, mtu aliyeamini kwamba mpira ukitazamwa kwa makini utasimama wenyewe. Uende ukawashangilie walimu. Hawana mtu.

Na kabla muhula haujafika katikati, atatokea kaka mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri akuambie ameonyeshwa katika maombi kwamba wewe ndiye mke wake. Usimkasirikie. Mwambie wewe bado hujaonyeshwa, na kwamba ukionyeshwa utamjulisha. Dada zako wa pale watakufundisha namna ya kulisema hilo bila kucheka. Mle bwenini watu huchekana na kuombeana katika chumba kimoja, wakati mwingine katika pumzi moja, na hicho ndicho nitakachokuonea wivu kesho. Si masomo. Masomo yalinitesa.

Lakini nilipofika kwenye wiki ya misheni nikaona pameandikwa Segese, nikakurudishia simu yako, nikaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa salama kabisa.

Unajua kwamba wachungaji wenzangu huniita Mchungaji Duara. Umekua ukidhani ni kwa sababu ya tumbo hili, nami nimekuacha udhani hivyo, maana ni afadhali. Watu wa migodini wakisema duara wana maana ya shimo la kuchimbia dhahabu. Tumbo limekuja baadaye kuthibitisha.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilitoka nyumbani kwa babu yako nikiwa na Kiswahili cha darasani na lafudhi ya zizini, na kwa sababu niliionea aibu lafudhi, nilijaza maneno makubwa. Sikusema mtu amekufa. Nilisema ameuaga ulimwengu huu wa mpito. Katika somo la kuhubiri mwalimu wetu aliwahi kuniuliza baada ya mahubiri yangu ya mazoezi kama ninaweza kumweleza yeye, kwa faragha, yalihusu nini. Nilidhani ananisifu kwa kina.

Wiki ya misheni tulipangiwa Segese, watu kama kumi, tukapakiwa nyuma ya gari la chuo na vipaza sauti, jenereta na sufuria. Kanisa la pale lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, limesimama kwenye kiwanja kikubwa kisicho na kitu kingine chochote. Mwenyeji wetu alikuwa mwinjilisti Ngassa, mzee mpole aliyetaka jambo moja tu, tusimharibie jina lake kwa majirani. Kila upande zilisikika karasha zikisaga mawe, na vijana wa kila mkoa walipita wametapakaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mwenzangu wa chumba, Enoki, alikuwa mtu wa Geita na aliwahi kuchimba kabla ya kuja chuoni. Nilipomwambia nimepangiwa kuhubiri mkutano wa Jumamosi jioni na nimechagua mfano wa hazina iliyositirika katika shamba, aliacha kula.

"Hapa hubiri kitu chochote," akaniambia. "Hubiri kondoo, hubiri samaki. Usitaje hazina."

Nikamweleza kwamba mhubiri mzuri huanza pale watu walipo. Akasema yeye anajua hao watu walipo, ndiyo sababu ananiambia. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshayakariri.

Watu walijaa, Minza. Kwaya ya pale iliimba vizuri, taa za jenereta zikawavuta na wale ambao hawakuwa na mpango na Mungu. Mbele kabisa lilisimama jitu moja refu, mabega kama mlango, ambalo wenzake waliliita Kadogo. Nikahubiri. Nilisema juu ya mwanadamu ahangaikaye katika vilindi vya nchi. Nikaona macho yote kwangu, kitu ambacho chuoni hakikuwahi kunitokea. Moto ukanipanda. Nikashuka jukwaani, nikaenda mpaka pembeni ya ukuta wa kanisa, nikapiga mguu chini, vumbi likaruka, nikasema kwa sauti yangu yote: "Hazina mnayoitafuta haiko mbali! Iko hapa! Hapa hapa ninapokanyaga! Ni kuchimba tu..."

Na hapo jenereta likaishiwa petroli.

Sentensi yangu ilikuwa haijaisha. Ilikuwa iendelee, "kuchimba kwa maombi na kwa toba." Sehemu hiyo niliisema, lakini bila kipaza sauti, gizani, na karasha zinanguruma. Nadhani waliisikia Enoki na mbuzi wawili. Umati ulinyamaza kimya. Nilifikiri wameguswa.

Waliguswa kweli. Kabla hatujamaliza kukunja nyaya, wajumbe watatu walimfuata mzee Ngassa wakamwomba awauzie kiwanja. Mmoja alikuwa na Agano Jipya mkononi na amelifungua mahali penyewe, akamwonyesha mzee kwamba hata katika mfano mtu yule alikwenda akalinunua shamba lile. Mzee Ngassa akawaambia kiwanja cha Bwana hakiuzwi kwa bei yoyote. Alisema vile kwa uaminifu, masikini, na kwa uaminifu ule akawathibitishia kila walichokuwa wanakihisi. Nani anakataa bei ambayo hajaisikia?

Asubuhi ya Jumapili tulipofika kwa ibada tulikuta rashi. Neno hilo la migodini ni pale habari inapovuma kwamba mahali fulani pametoa, na watu wakamiminika na sururu. Pale nilipopiga mguu palikuwa na shimo linalommeza ng'ombe na pembe zake, na ndani yake watu wanaimba. Viwanja vidogo vilikuwa vimeshagawanywa kwa kamba. Mtu alikuwa anauza kahawa. Wengine walitusalimia kwa heshima kubwa, wakanipisha njia kama waziri.

Binti mmoja wa kwaya, aliyekuwa akiuza uji na maandazi na shangazi yake karibu na karasha, alikuwa amesimama kati ya shimo na ukuta wa kanisa, sare imemkaa, mikono kiunoni, akiwazuia watu wasisogee zaidi. Akaniuliza kama ni mimi niliyesema hazina iko pale. Nikamjibu kwamba nilikuwa na maana ya ufalme wa mbinguni.

"Basi waambie wao," akasema. "Mimi nimeshaelewa."

Huyo ndiye mama yako. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, na sauti ilikuwa hiyo hiyo anayokuambia nayo sasa hivi kuhusu michembe.

Nikaenda kumweleza Kadogo. Nilitumia maneno yote niliyonayo. Alinisikiliza kwa adabu, kofia mkononi, kisha akaniambia anaelewa kwamba siruhusiwi kusema waziwazi, na kwamba hata waganga wanaoonyesha dhahabu huzungumza hivyo hivyo kwa mafumbo. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyochimba. Mchana kona ya ukuta wa kanisa ikapasuka ufa wa kuingiza kidole. Mzee Ngassa aliutazama ufa ule, akaketi juu ya jiwe, hakunilaumu kwa neno hata moja. Heri angenilaumu. Lile kanisa waumini wake walilijenga kwa kubeba matofali kichwani, na mimi nilikuwa nimelipasua kwa mahubiri.

Nilikimbia, mwanangu. Hili mama yako hulifupisha akiwasimulia wageni. Nilichukua begi langu nikaenda kusubiri gari la Kahama, nikiwa nimeshapanga jinsi nitakavyomwambia babu yako kwamba wito ulikuwa ni homa. Magari hayakuwepo. Enoki akanikuta nimeketi pale juu ya begi. Alikaa pembeni yangu na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja, hakutaja shimo. Tulipomaliza akasema mkuu wa chuo amepigiwa simu na anakuja, na kwamba wachimbaji hawajapata kitu na wananiulizia. Ile ya pili nusura initoe roho. Kuhusu kukimbia, alisema tu kwamba begi nililochukua lilikuwa lake.

Ikanibidi kurudi, angalau kurudisha begi.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mfupi, mkimya, anayetembea mikono nyuma. Alilizunguka shimo, akachungulia, akauliza mstari wangu ulikuwa upi. Nikamtajia. Akauliza ni mwalimu yupi alinipa alama katika somo la kuhubiri, nikamtajia, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wa zamani. Kisha akasema Jumapili ijayo nitahubiri tena, pale pale, mstari ule ule. Nikamwambia mimi naacha chuo. Akasema ninaweza kuacha, lakini baada ya Jumapili, na kwa sasa wenzangu wanahitaji mtu wa kubeba udongo.

Nilibeba udongo wiki nzima. Wachimbaji walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wamenuna, wakaacha shimo limekaa kama jino lililong'oka. Tulijaza upande wa ukutani, fundi akaziba ufa. Tulipotaka kufukia upande wa mbali, mama yako akasema tuache. Kanisa lile halikuwa na choo. Miaka yote wanakwaya walikuwa wakikimbilia kwa jirani kila Jumapili, na jirani alikuwa amechoka. Akaenda mwenyewe kwenye kambi kumwomba Kadogo aje ashindilie matimba, zile nguzo wanazozuia nazo kuta za duara zisiporomoke. Sijui alimwambia nini. Kadogo alikuja na vijana wake, hakunisalimia, akafanya kazi safi.

Ikafika Jumapili. Lilijaa hilo kanisa mpaka madirishani, maana kila mtu alitaka kumwona mhubiri wa shimo. Kadogo alikaa kiti cha nyuma na kundi lake. Nilisimama. Nilitafuta maneno makubwa, hata moja halikuja. Nilichopata ni salamu ya nyumbani. Nikasema, "Mwangaluka." Nusu ya watu hawakuwa Wasukuma, wakatazamana, Biblia ikaniponyoka ikaanguka, na watu wakacheka kanisa zima. Walipotulia nikasema kwa Kiswahili cha kuombea maji:

"Mimi sijui dhahabu iko wapi. Niliongea vibaya, mkapoteza nguvu zenu. Naomba mnisamehe."

Kadogo akasimama kule nyuma. Nilipima umbali wa mlango.

"Mimi nimechimbishwa na waganga," akasema. "Nimechimbishwa na mabosi. Nimechimbishwa na ndoto za shemeji yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akasema samahani." Akakaa. "Endelea, mwalimu."

Nikaendelea. Nilisema nini, sikumbuki, na Enoki aliniambia si kitu cha kukumbuka. Yalikuwa mafupi. Lakini watu walibaki. Kadogo alibaki mpaka leo. Ndiye mzee wa kanisa pale, yule anayenipigia simu kila Krismasi na kuongea kwa sauti ya mtu aliye ndani ya shimo. Mimi nikarudi chuoni, nikapata alama ya kupitia dirishani, na likizo iliyofuata nikagundua kwamba nina sababu nyingi sana za kwenda Segese kukagua choo.

Basi jibu langu ndilo hili. Utashindwa, Minza. Sijui lini, labda siku hiyo ya ushuhuda, labda kwenye Kigiriki, na labda utapata mahali pa maana zaidi kuliko hapo. Siku hiyo mimi sitakuwa karibu, na mstari niliokupa mezani hautakusaidia sana. Ukikimbia, kimbia, mimi nilikimbia. Ila uangalie kama begi ni lako, halafu urudi pale ulipoanguka, useme kwa maneno ya kawaida. Sijajua njia nyingine. Miaka yote hii ya kuhubiri sijaipata.

Nilidhani barua inaishia hapo, lakini mama yako ametoka na kibatari cha macho yake, yaani ile miwani yake, akaisoma yote akiwa amesimama. Anasema ya michembe nimetia chumvi. Anasema mbuzi walikuwa watatu. Kisha akarudia mahali pale Biblia ilipoanguka, akaniuliza kama miaka yote hii sikuwahi kujua nani alianza kucheka.

Nikasema sijui, watu tu.

Anasema alikuwa yeye. Alikuwa amekaa na kwaya, akawaona vijana wa kule nyuma wamekunja sura wananiangalia, akaniona na mimi naangalia mlango, akaona hapa patakuwa na ugomvi. Akacheka kwa sauti, makusudi, ili na wengine wacheke. Anasema mtu akishakucheka hawezi tena kukupiga.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema sikumuuliza, na amerudi ndani kukufungia mzigo. Sasa nawasikia mnacheka huko, na sijui kama ni mimi mnayenicheka. Chekeni tu. Naja kuwasaidia kufunga hiyo michembe.

Ni mimi baba yako,
Mchungaji wa hapa hapa Didia.